Uso Uliochujwa: Filta za Simu na Ladha ya Uzuri Miongoni mwa Vijana wa Garissa

Kijana wa Garissa, Wajir au Mandera mwenye simu mahiri hujiona pichani mara nyingi kuliko babu yake alivyowahi kujiona kwenye kioo, na aghalabu picha hizo huwa zimekwisha kupitishwa kwenye filta kabla hazijamfikia mtu mwingine. Filta ni programu ndogo iliyomo ndani ya kamera ya simu au ndani ya mitandao ya kijamii kama vile Snapchat, Instagram na TikTok, ambayo huibadilisha picha papo hapo kwa kung'arisha rangi, kulainisha ngozi, kupunguza upana wa pua, kuinua mashavu na kurefusha kope. Kupiga picha ya namna hiyo si kosa, na kujipamba si jambo geni kwa watu wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Linalostahili kuchunguzwa ni jinsi chombo hiki, kilichobuniwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuuona Mto Tana, kinavyoingia polepole katika uamuzi wa kijana kuhusu sura ipi ni nzuri na ipi ina kasoro.

Filta hazifanyi kazi kwa namna moja. Aina kongwe zaidi hubadilisha rangi tu. Picha ya simu imeundwa kwa vitone vidogo sana viitwavyo pikseli, kila kimoja kikiwa na vipimo vya nyekundu, kijani na buluu, na filta ya rangi huviongeza au kuvipunguza vipimo hivyo kwa kanuni moja katika picha nzima. Instagram, iliyoanzishwa na Kevin Systrom na Mike Krieger mwezi wa Oktoba mwaka 2010, ilijipatia jina kwa filta za aina hiyo, nyingi zikiiga rangi zilizofifia za mikanda ya filamu ya zamani. Ndiyo maana kijana aliyezaliwa baada ya mikanda hiyo kutoweka madukani huvutiwa na picha yenye joto la machweo na kingo zilizofifia, akaiita ya kisanii, ingawa hana kumbukumbu yoyote ya kamera zilizotoa rangi hizo. Vumbi la barabara ya kwenda Dadaab hugeuka jekundu zaidi kuliko lilivyo, na maji ya Tana, ambayo ni ya rangi ya udongo karibu mwaka mzima, huonekana ya dhahabu. Madhara ya filta hizi ni madogo, na pengine zimewafanya vijana wengi kuitazama nchi yao kame kwa jicho la mapenzi ambalo vitabu vya jiografia havikuwafundisha.

Aina ya pili hushughulika na uso. Programu hutafuta kwanza mahali uso ulipo, kisha huweka alama kwenye pembe za macho, ncha ya pua, mdomo na ukingo wa taya, na kuziunganisha ziwe wavu usioonekana. Mfumo mmoja wa Google uliotolewa mwaka 2019 hutumia alama 468. Wavu huo ukishakaa, sehemu yoyote ya uso yaweza kuvutwa, kubanwa au kupakwa rangi, na hata mtu akigeuza shingo, pambo hugeuka naye. Snapchat ilianza kuwapa watumiaji wake filta za uso mwezi wa Septemba mwaka 2015, baada ya kuinunua Looksery, kampuni yenye asili ya Ukraine, na Instagram ikafuata mwaka 2017. Aina ya tatu hutumia akili unde, yaani programu iliyofunzwa kwa picha nyingi mno hadi ikaweza kuchora uso mpya badala ya kuuvuta ule uliopo. Bold Glamour, filta iliyoenea kwenye TikTok mapema mwaka 2023, iliwashangaza watazamaji kwa sababu haikuteleza wala kukatika mtu alipopitisha mkono mbele ya uso, na kwa hiyo ile dalili ndogo iliyokuwa ikimjulisha mtazamaji kwamba picha imeguswa ikatoweka.

Kabla ya kulaumu simu, yafaa kutazama kilichokuwapo. Katika masoko ya Garissa huuzwa qasil, unga wa kijani uliosagwa kutokana na majani makavu ya gob, mti wa jamii ya mkunazi, ambao wanawake wa Kisomali huuchanganya na maji wakaupaka usoni au kuoshea nywele. Huruud, yaani manjano, hupakwa ili ngozi ipate mng'ao wa dhahabu, hina huchorwa mikononi na miguuni kabla ya harusi, na uunsi, uvumba uliopikwa kwa sukari na manukato, hufukizwa kwenye dabqaad, chetezo cha udongo au jiwe, ili nguo na nywele zinukie. Wanaume nao wamo: mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina hadi zikawa na rangi ya chungwa ni sura ya kawaida katika barabara za Garissa, wala hakuna anayemwambia kwamba anadanganya umri wake. Anayedhani kwamba vijana wa leo ndio wa kwanza kuupamba mwili ili upendeze machoni pa wengine hajawahi kuhudhuria harusi ya mji huo.

Tofauti iko katika muda, mikono na kipimo. Qasil huchukua muda kukauka usoni, hina huhitaji kutulia kwa saa kadhaa, na mara nyingi mpakaji ni eddo au habaryar, yaani shangazi au mama mdogo, ambaye huku akipaka husifu, hutania na kukosoa. Msichana alijifunza uzuri kutoka kwa mtu aliyemjua, aliyefanana naye na ambaye angeweza kumjibu. Vipimo vyenyewe vilikuwa vya watu hao. Nyimbo na mazungumzo ya Kisomali yamesifu kwa muda mrefu rangi ya maariin, hudhurungi iliyoiva yenye wekundu kidogo, pamoja na shingo ndefu, meno meupe yaliyoshikwa na ufizi mweusi, na fanax, ule mwanya wa meno ya mbele ambao Waswahili wa pwani pia wameuhesabu miongoni mwa mapambo ya mwanamke. Ukivisoma vipimo hivi kwa macho ya programu ya kurembesha, karibu kila kimoja ni dosari. Maariin ni rangi ya kung'arishwa, mwanya ni pengo la kuzibwa na filta za meno, na ufizi mweusi ni kivuli ambacho hakina mahali katika tabasamu linalouzwa.

Hata hivyo si haki kuuchora urithi huo kana kwamba haukuwa na kasoro. Jamii ya Kisomali imekuwa na desturi ya kuwagawa watu kwa aina ya nywele, ambapo neno jareer, linalohusu nywele ngumu, limetumiwa kuwabagua watu wa asili ya Kibantu, wakiwamo wazao wa watumwa waliopelekwa Somalia katika karne ya 19 kutoka maeneo ambayo leo ni Tanzania, Malawi na Msumbiji. Maelfu miongoni mwao walikimbilia kambi za wakimbizi za Dadaab vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, na ubaguzi waliouacha nyuma ukawafuata kambini, kiasi kwamba ulihesabiwa miongoni mwa sababu zilizoifanya Marekani ikubali mwaka 1999 kuwapa makao mapya watu wapatao 12,000 miongoni mwao. Pua nyembamba iliyonyooka, ambayo filta nyingi humpa kila mtu bila kumuuliza, tayari ilikuwa na wasifu wake katika eneo hili. Kwa hiyo filta haiwagusi vijana wa Kaskazini Mashariki kwa uzito ulio sawa. Msichana wa Kisomali mwenye pua ya namna hiyo hukuta sura yake imesifiwa nusu na kukosolewa nusu, kwa kuwa programu huiacha pua lakini huing'arisha ngozi, hali kijana wa Kipokomo au wa Kimalakote wa kando ya Tana, au Msomali wa asili ya Kibantu wa Hagadera, mojawapo ya kambi za Dadaab, hukosolewa kote kuwili, kwa rangi na kwa umbo. Mjadala wa filta ukihusu weupe pekee husahau kwamba teknolojia ya kigeni huweza kukutana na dharau ya nyumbani, nayo dharau ikapata sauti mpya inayoonekana kuwa ya kisayansi.

Picha iliyoboreshwa nayo si uzushi wa karne hii. Katika Lamu, iliyopakana na Kaunti ya Garissa upande wa kusini, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alijulikana kwa picha za kuunganisha alizozitengeneza katika studio yake, na kule Likoni, Mombasa, wapiga picha wa kivukoni walijenga vibanda vyenye mandhari za kuchorwa za meli, ndege na miji ya mbali, ambapo msafiri maskini aliweza kusimama kwa dakika chache akapata ushahidi wa kuwapo mahali asipowahi kufika. Studio hizo ziliubadilisha ulimwengu uliomzunguka mtu na kumwachia uso wake, ijapokuwa mafundi wengine walikuwa wakisafisha madoa kwa penseli kwenye filamu. Kila aliyeitazama picha ya Likoni alijua kwamba ndege ile ni ya rangi za kupaka. Filta ya leo imeugeuza mpango huo: nyuma ya kijana huachwa ukuta wa nyumba yao ukiwa ukuta wa nyumba yao, na kinachochorwa upya ni yeye.

Swali linalofuata ni nani aliyeamua uso mzuri uweje. Vyombo vya picha vilirithi upendeleo kabla ya kuja kwa kompyuta. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zililinganisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na matokeo yake ni kwamba ngozi nyeusi ilitoka kama doa lisilo na sura. Programu za karne hii zimerudia kosa hilo kwa njia nyingine. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 mwanzilishi wa FaceApp, Yaroslav Goncharov, alilazimika kuomba radhi baada ya filta iliyodaiwa kuongeza mvuto kugunduliwa kwamba inawafanya watu weusi kuwa weupe, na maelezo yake yalikuwa kwamba picha zilizotumiwa kuifunza programu zilielemea upande mmoja. Mwaka uliofuata Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kwamba mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia kwa kutazama uso ilikosea kwa wanawake wenye ngozi nyeusi hadi asilimia 34.7, huku kiwango cha makosa kwa wanaume weupe kikiwa hakizidi asilimia 0.8. Mashine hujifunza uzuri kutokana na picha inazolishwa, na picha za wafugaji wa Mandera hazikuwa sehemu kubwa ya mlo huo.

Katika jambo hili simu zilizojaa Garissa zina historia ya kuchekesha kidogo. Tecno, Infinix na itel zote ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen nchini China iliyopata soko la Afrika kwa mbinu kadhaa, mojawapo ikiwa kurekebisha kamera zake ili zipige vizuri ngozi nyeusi, jambo ambalo kampuni kubwa za Magharibi zilikuwa zimelipuuza. Mteja wa Afrika alionekana hatimaye. Lakini ndani ya kamera zizo hizo mna hali ya urembo, ambayo mtumiaji asipoipunguza huweza kumlainisha ngozi na kumbadilisha rangi bila yeye kuchagua filta yoyote, hivyo kwamba simu iliyojifunza kuuona weusi ikajifunza pia kuusahihisha. Iman, mwanamitindo aliyezaliwa Mogadishu na kuonekana na mpiga picha Peter Beard jijini Nairobi mwaka 1975 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, alianzisha mwaka 1994 kampuni ya vipodozi vya ngozi za rangi mbalimbali, kwa kuwa mafundi wa urembo hawakuwa na poda iliyolingana na ngozi yake. Alitaka poda iifuate ngozi. Filta nyingi huitaka ngozi iifuate poda.

Jinsi jicho linavyobadilika imechunguzwa kwa muda mrefu kabla ya simu hizi. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba mtu hukipenda zaidi kitu alichokiona mara nyingi, hata kama hakuambiwa lolote la kukisifu. Mwaka 1999 Michael Webster na Otto MacLin waligundua kwamba mtu akitazama kwa muda uso uliobanwa au kutanuliwa, uso wa kawaida utakaofuata humwonekea kuwa umepotoka kuelekea upande wa pili, na mwaka 2003 Gillian Rhodes na wenzake wakathibitisha kwamba hata hukumu ya uzuri huhama pamoja na mazoea hayo. Kwa lugha nyepesi, akili hujiwekea wastani wa nyuso inazoziona na kuupima uzuri kwa wastani huo. Msichana wa sekondari mjini Wajir ambaye jioni yote hupitisha kidole juu ya nyuso zilizopunguzwa pua na kukuzwa macho hana haja ya kuambiwa kwamba dada yake ana pua pana, maana wastani uliomo kichwani mwake umekwisha kumwambia.

Kuna pia hila ya kamera yenyewe, ambayo wengi hawaifahamu. Picha ya kujipiga huchukuliwa kwa umbali wa mkono, na kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa kuliko kilicho nyuma yake. Hesabu zilizochapishwa na madaktari wa Marekani mwaka 2018 zilionyesha kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo katika picha ya mita moja na nusu. Simu basi humkuzia mtu pua kwanza, kisha filta ikaja kumuuzia dawa ya ugonjwa ambao simu ndiyo iliyouleta. Katika mwaka huohuo madaktari wa ngozi wa Boston waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa wakileta picha zao zenye filta ili wafanyiwe upasuaji wafanane nazo, badala ya kuleta picha za waigizaji kama ilivyokuwa zamani.

Upasuaji wa namna hiyo hauko mbele ya kijana wa kawaida wa Garissa, lakini krimu ya kujichubua ipo na bei yake haimshindi. Krimu hizo zilitangulia filta kwa miaka mingi, na lingekuwa kosa kuzibebesha simu lawama yote ilhali tamthilia za setilaiti, harusi za Eastleigh na picha za jamaa walioko Minneapolis zimekuwa zikifanya kazi yao pia. Kilichoongezwa na filta ni jaribio la bure: mtu huionja rangi ambayo krimu inaahidi, akaizoea, kisha akaitafuta dukani. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, madini yanayodhuru figo na mishipa ya fahamu, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vipigwe marufuku kufikia mwaka 2025, baada ya kipimo cha awali cha sehemu moja kwa milioni kuacha mianya mingi. Mpaka mrefu wa Mandera na Somalia haufungwi na mkataba.

Mavazi ya eneo hili yameipa filta mipaka ambayo wabunifu wake hawakuitarajia. Wavu wa alama huhitaji pua, mdomo na taya, kwa hiyo mwanamke aliyevaa niqabu mara nyingi hukosa kutambuliwa na programu, akabaki na filta za rangi pekee au na wanja halisi machoni. Wengine huelekeza kamera kwenye mikono yenye hina, pindo la shali ya garbasaar au rangi za dirac, ile nguo nyepesi ya sherehe ambayo Wakenya wengi huijua kwa jina la dera, na katika picha hizo filta hutumika kukoleza rangi za kitambaa pasipo kugusa mwili wa mtu. Mjadala wa kidini nao upo hai. Wako wanaozipima filta kwa onyo la Sura ya An-Nisaa kuhusu kubadilisha maumbile ya Mungu, na wako wanaojibu kwamba kilichobadilishwa ni picha, si maumbile, na kwamba tatizo ni udanganyifu, hasa pale picha inapotangulia posa. Hoja hii ya pili ina uzito zaidi, kwa sababu inauhusisha uzuri na uaminifu kati ya watu wawili badala ya kuuacha kuwa suala la mtu na skrini yake.

Kwa watu wa Kaskazini Mashariki, isitoshe, picha ya uso haikuwa pambo tu. Kwa miongo mingi kijana wa kaunti za mpakani alilazimika kupigwa msasa na kamati za ziada kabla ya kupewa kitambulisho cha taifa, utaratibu ambao Rais William Ruto aliufuta mwezi wa Februari mwaka 2025. Picha ya kitambulisho haikubali filta. Pengine hilo husaidia kueleza kwa nini kijana aliyezoea kutazamwa na kamera kama mshukiwa huifurahia sana kamera inayomtazama kama nyota, na anayemkosoa bila kuifikiria furaha hiyo hataeleweka.

Makampuni yamechukua hatua chache. Instagram ilitangaza mwaka 2019 kuondoa filta zilizoiga upasuaji wa urembo, na TikTok ikasema mwezi wa Novemba mwaka 2024 kwamba itawazuia walio chini ya miaka 18 kutumia baadhi ya filta zinazobadilisha sura, ingawa mwaka wa kuzaliwa huandikwa na mtoto mwenyewe anapofungua akaunti. Ulinzi wa karibu zaidi umo mikononi mwa watu walioko Garissa. Mwalimu wa sanaa aweza kuwapa wanafunzi uso mmoja uliopigwa picha mara mbili kwa umbali tofauti, wapime pua kwa rula wajionee tofauti. Eddo na habaryar waendelee kuisifu maariin kwa sauti, pamoja na mwanya na nywele ngumu, mbele ya wasichana wenyewe. Na wapiga picha wa harusi, ambao kazi yao hubaki ukutani kwa miaka, wamuulize bi harusi kabla ya kumng'arisha rangi, na wamkabidhi picha zisizoguswa pamoja na zile zilizohaririwa, ili binti zake watakapozaliwa wapate kuona wamefanana na nani.